Kitanda cha Mfumi

Amri ilisomwa redioni saa moja jioni,
bukari ungali wa moto sinianini:
ushuru wa marobota ya mitumba, mara tatu;
ushuru wa mashine, sifuri;
na sare za watoto wa shule, kuanzia Septemba,
zifumwe humu humu nchini, kwa pamba yetu.
Kitobo akanawa mikono kabla hajashiba,
akainama chini ya kitanda chetu.

Nilijua anachotafuta.
Miaka kumi na tisa nimefagia nikikizunguka:
gia ya meno arobaini na mbili,
imeviringishwa ndani ya fulana yenye grisi,
nzito kama mtoto aliyelala.
Aliitoa kiwandani usiku ule,
bei ya shaba ilipoanguka na Lubumbashi ikaanguka nayo,
watu wakibeba nyaya, wakibeba milango,
mmoja na choo cha mkurugenzi kichwani.
Wao waliuza vyuma kwa kilo.
Yeye aliiba ili isiibwe.

Na miaka hiyo kumi na tisa, kodi ya lupango alilipa nani?
Robota.
Robota la kilo arobaini na tano, kwa lori kutoka Kasumbalesa,
nikilichana kwa kisu alfajiri
sokoni Kenya (mtaa wetu, si nchi),
bila kujua tumboni mna nini.
Makoti ya theluji kwa mji wa vumbi jekundu.
Suruali yenye tiketi ya treni mfukoni,
ya kwenda mahali nisipoweza kupatamka.
Mujinga nimemsomesha kwa sidiria za watu nisiowajua.
Sioni haya.

Waziri anasema taifa lisilojivika li uchi.
Sawa, mheshimiwa.
Lakini amri yako, kama kitambaa chochote,
ina upande wa maua na upande wa mafundo,
na mimi nimekaa huku kwenye mafundo.
Mlango wa mume wangu umefunguka
kwa kuusukuma wangu.

Mwezi wa tano king'ora kikalia Kampemba.
Kati ya wafumaji mia sita walirudi kumi na mmoja,
mmoja kwa mkongojo, mmoja kwa jicho moja.
Vijana wa mkataba wakacheka,
halafu wakaulizwa mtande ni upi na mshindio ni upi,
wakanyamaza.
Mkopo wa benki umefika nusu;
nusu nyingine iko njiani tangu Pasaka.
Umeme unakuja kama bosi: unasaini, unaondoka.
Lakini gia iliingia.
Kitobo aliniamsha usiku kunieleza ilivyoingia,
meno yote arobaini na mbili, hata moja halikukosa.
Yeye mwenyewe kabakiwa na ishirini na matatu.
Wote wawili kidogo tulie, tukacheka.

Jumamosi akaleta mita moja ya buluu,
ameikunja ndani ya gazeti kama nyama.
Nikaivuta. Nikainusa. Nikaiinua kwenye taa.
Nikalowesha pembe kwa mate, nikasugua;
buluu ikanibakia kidoleni.
"Itapauka kabla ya Krismasi," nikamwambia.
"Mshindio umelegea hapa. Na hapa."
Nilitaka akasirike.
Akachukua penseli, akaandika
nyuma ya karatasi ya mshahara ambao haujalipwa.
"Wapi pengine?"

Tukakaa mpaka mafuta ya taa yakaisha,
mimi nikionyesha, yeye akiandika.
Hakuna wizara iliyowahi kuniuliza ninachojua
juu ya pindo, juu ya kifungo,
juu ya shati litakalodumu na lile la kumdanganya mteja.

Sasa chini ya kitanda ni patupu.
Hapana, si patupu.
Robota langu la mwisho nimelisukumia pale pale,
kwenye duara la grisi iliyogoma kutoka,
kamba zake hazijakatwa.
Amri nazo hupauka; nani ajuaye?
Kila asubuhi, akishatoka na king'ora,
nafagia nikilizunguka.